Anaongea, presha yake nzuri: nitajuaje kuwa huyu ni wa dharura?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni muuguzi, nimehamishiwa kwenye gari la wagonjwa hapa Dar es Salaam miezi michache iliyopita. Hivi karibuni tulimchukua dada wa miaka 28 kutoka Chamazi, akilalamika maumivu ya tumbo chini ya kitovu. Ndugu walisema ana vidonda vya tumbo vya siku nyingi. Alitembea mwenyewe hadi garini na alikuwa anaongea vizuri. Presha 108/70, mapigo 124, pumzi niliandika 18, oksijeni 98. Tulipofika Mtoni Mtongani, katikati ya foleni, akalegea na presha ikasoma 70 kwa 40. Hospitali wakamwingiza moja kwa moja chumba cha upasuaji: mimba ilitunga nje ya kizazi na imepasuka. Amepona, namshukuru Mungu, lakini usingizi unanisumbua. Nilipaswa kuona nini pale nyumbani? Na kwa jumla, dalili gani zinamtambulisha mgonjwa wa dharura ambaye kwa macho anaonekana mzima?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza pole, na hongera kwa kuandika namba zako zote bila kuficha, maana jibu lako limo humo humo.

Tazama tena mapigo 124 na presha ya juu 108. Kwa mtu mzima mwenye afya, mapigo huwa machache sana kuliko namba ya juu ya presha, kama 75 kwa 120. Mapigo yakiikaribia namba hiyo, shtuka. Yakiipita, kama ilivyokuwa kwa dada huyu, chukulia kwamba damu inapotea au mzunguko wake umeharibika, hata kama hujaona tone la damu. Ukigawanya mapigo kwa presha ya juu ukapata zaidi ya 0.9, huyo si wa kusubiri. Wake ilikuwa 1.15. Kwa hiyo alipokuwa anapanda gari kwa miguu yake, alikuwa tayari mahututi.

Presha ilikudanganya kwa sababu mwili huilinda kuliko kitu kingine chochote. Mtu mzima ana lita kama 5 za damu. Anaweza kupoteza hadi lita moja na nusu kabla namba ya juu haijaporomoka, hasa akiwa kijana. Katika muda huo moyo unakimbia, mishipa ya ngozi na utumbo inajibana, pumzi zinaongezeka, ili ubongo na moyo vipate damu. Ni sawa na duka ambalo mwenyewe amepanga bidhaa zote mbele. Mteja anaona limejaa, kumbe stoo haina kitu. Siku presha inaposhuka, akiba yote imekwisha, ndiyo maana mgonjwa huonekana kama ameanguka ghafla. Kuanguka hakukuwa kwa ghafla hata kidogo. Kulianza tangu Chamazi.

Hilo ndilo ningependa ulishike katika kazi hii. Usianze kwa kujiuliza mgonjwa ana ugonjwa gani. Jiulize mwili wake unafanya kazi gani ya ziada ili aendelee kukaa mbele yako na kuongea. Jina la ugonjwa mara nyingi litapatikana hospitali, lakini hiyo kazi ya ziada unaweza kuiona wewe, kwa macho, mikono na saa yako.

Nianze na pumzi. Uliandika 18. Sikulaumu, ila pita kwenye fomu zozote za wagonjwa, utakuta karibu kila mtu mjini hapa anapumua mara 18 au 20. Namba hiyo hukadiriwa, haihesabiwi. Nami naamini ndiyo namba yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu pumzi huongezeka mapema na kwa karibu kila hatari: damu ikipotea, maambukizi yakiingia kwenye damu, mapafu yakijaa maji, sukari ikipanda hadi damu kuwa na tindikali. Shika mkono wa mgonjwa kama unayepima mapigo, halafu tazama kifua au tumbo likipanda na kushuka, dakika nzima. Usimwambie unahesabu pumzi, maana akijua atazibadilisha. Kwa mtu mzima aliyetulia, 12 hadi 20 ni kawaida. Ikifika 22 anza kutafuta sababu. Ikipita 25, ni dharura mpaka uthibitishe vinginevyo. Chini ya 10 kwa mtu mwenye usingizi mzito ni hatari zaidi, na huyo shika mfuko wa kumpulizia hewa mapema. Kwa watoto namba ni nyingine: kasi ya hatari ni 60 na kuendelea kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa mwaka 1 hadi 5.

Nitakupa mfano mmoja wa pumzi unaopotosha wengi. Unaitwa Tandale, kijana anahema kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka chote, ndugu wanasema pumu au ana hofu. Unasikiliza mapafu: hewa inaingia safi pande zote, hakuna mluzi. Mashine ya oksijeni ya kidoleni inasoma 99. Hapo wengi humwambia atulie. Mtu anayehema hivyo na mapafu yake ni masafi, pima sukari. Ukikuta iko juu sana, tuseme 28 mmol/L, midomo imekauka, amekuwa akinywa maji na kukojoa tangu juzi, pumzi zina harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, basi damu yake imejaa tindikali na mapafu yanajitahidi kuitoa. Ukimtuliza bila kumpima, unamnyang'anya nafasi yake.

Pumu yenyewe ina mtego wa aina nyingine. Mluzi ukisikika, angalau hewa inapita. Mgonjwa aliyekuwa anapiga mluzi, sasa kifua kiko kimya, hawezi kumaliza sentensi, anaanza kusinzia, huyo hajapata nafuu. Amechoka, na yuko karibu kuacha kupumua.

Baada ya pumzi, ngozi. Vitabu vingi huandika kwamba mgonjwa "anakuwa mweupe" au "bluu", vikimfikiria mtu wa ngozi nyeupe. Kwetu sisi tazama ukuta wa ndani wa kope la chini, ulimi, fizi, viganja. Usiku usiamini mwanga wa tochi ya simu, hufanya kila mtu aonekane amepauka. Mlete chini ya taa ya gari. Kisha gusa. Kwa mgongo wa mkono wako anzia vidole vya mgonjwa, panda kiganja, kifundo, hadi kwenye kiwiko, uone baridi inaishia wapi. Dar ya Februari kila mtu anatoka jasho, kwa hiyo jasho peke yake si habari. Habari ni jasho juu ya ngozi ya baridi. Mkono wa baridi na unyevu katika joto la Mbagala saa nane mchana hauna maelezo ya kawaida. Bonyeza ncha ya kidole kwa sekunde 5 kisha achia: damu ikichelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 2 au 3, na chumba hakina baridi, mzunguko umeanza kushindwa. Nina hakika ungemgusa dada yule hivyo ungekuta mikono ya baridi.

Mashine ya oksijeni itumie, ila usiifanye hakimu. Rangi ya kucha, piko na hina nzito za maharusi wetu wa Pwani, vidole vya baridi, vyote huivuruga. Hamishia kwenye sikio au kidole kisichopakwa. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2020 ulionyesha pia kwamba kwa watu weusi mashine hizi huweza kusoma juu kuliko hali halisi. Na mtu aliyelala chumba kilichofungwa na jiko la mkaa, au karibu na jenereta, anaweza kusoma 99 huku damu yake imebeba hewa ya sumu badala ya oksijeni. Kaya nzima ikilalamika kichwa na kichefuchefu asubuhi moja, watoe nje wote kwanza, pamoja na wewe mwenyewe. Na kumbuka, 98 ya dada yule ilikuwa ya kweli kabisa: damu iliyobaki ilikuwa imejaa oksijeni. Mashine haikuambii damu imebaki kiasi gani.

Fahamu huanza kubadilika kabla mtu hajazimia. Mgonjwa aliyekuwa mpole anakuwa mkali, anavua barakoa ya oksijeni, anauliza swali lile lile mara ya tatu, anataka kusimama aende chooni. Hatuna haki ya kumwita msumbufu mpaka tumehakikisha ubongo wake unapata oksijeni, damu na sukari. Kila mwenye fahamu tofauti na kawaida pimwe sukari, bila kujali ndugu wanasema amelewa, amepandwa na mashetani au ana kifafa. Sukari ya chini, tuseme 2.1, inaweza kumfanya mtu apigane, apate degedege, hata alegee upande mmoja ukadhani ni kiharusi. Tone moja la damu kidoleni linaokoa mtu ambaye angefungwa kamba.

Kuhusu kelele. Ajali ya daladala au bodaboda, unafika, mmoja analia "mguu wangu!" na mwingine amekaa pembeni ya mtaro, kimya, anaangalia chini. Anayelia ana njia ya hewa, ana pumzi na ana fahamu za kuita. Nenda kwa aliyenyamaza kwanza. Kwa dereva wa bodaboda ambaye hakuvaa kofia, uliza aliokuwepo kama alizimia hata kidogo. Kuna wanaozimia, wakaamka, wakaongea, wakanywa na soda, halafu baada ya saa moja au mbili wanapitiwa na "usingizi". Damu inajikusanya ndani ya fuvu. Kichwa kinazidi kuuma, anatapika, mboni moja inakuwa kubwa kuliko nyingine. Mwishoni presha inapanda na mapigo yanapungua hadi chini ya 60. Hapo usifurahi kwamba mapigo yametulia, ubongo unabanwa. Kama ananuka pombe, harufu hiyo haifuti hata dalili moja kati ya hizi.

Sasa turudi kwenye maneno ya ndugu, maana ndiyo yaliyokuangusha. Wasikilize kwa makini wanapokuambia kilichobadilika, kuwa mwangalifu wanapokupa jina la ugonjwa. Kauli kama "hii si kawaida yake" ina uzito mkubwa. Uliza, "Jana saa kama hizi alikuwa anafanya nini?" Ukijibiwa kwamba alikuwa anauza genge na leo hawezi kukaa, umepata kipimo ambacho hakuna mashine inayokupa. Lakini "vidonda vya tumbo", "gesi", "presha imepanda" ni majina tu, na katika mji huu "vidonda vya tumbo" yamefunika mengi. Maumivu ya vidonda kwa kawaida hukaa juu ya kitovu, chini ya chembe ya moyo. Ya dada yule yalikuwa chini ya kitovu.

Na hata yakiwa pale chembe ya moyo, usitulie haraka. Mzee wa miaka 55 mwenye kisukari, ameanza ghafla kusikia "gesi", jasho la baridi, kichefuchefu, uchovu usioelezeka: huo ni moyo mpaka kipimo cha umeme wa moyo kikatae, na kipimo hicho kifanyike ndani ya dakika 10 tangu mkutane naye. Wanawake, wazee na wenye kisukari mara nyingi hawashiki kifua kama kwenye sinema. Wengine hawana maumivu kabisa, wanahema tu. Aspirini 300 mg ya kutafuna, kama hana mzio na hatoki damu, kwa kufuata mwongozo wa kazini kwenu. Hapa tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili inayozibua mishipa ya moyo, kwa hiyo dakika unazookoa zina pa kupelekwa.

Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo au aliyezimia, chukulia ana mimba mpaka kipimo cha mkojo kikanushe. Uliza siku zake za mwisho, lakini si mbele ya mume, mama mkwe na majirani, kwani atakujibu wanachotaka kusikia. Toa watu kwa heshima, piga magoti karibu naye, uliza kwa sauti ya chini: siku zako zimechelewa? Umetoka damu kidogo isiyo ya kawaida? Ulipata kizunguzungu uliposimama au ulianguka chooni? Bega linauma? Damu iliyomwagika tumboni huwasha kiwambo kilicho chini ya mapafu na maumivu husikika juu ya bega, mahali ambapo mgonjwa mwenyewe haoni uhusiano na tumbo. Akisema amepata siku zake kama kawaida, bado usifute wazo hilo, damu kidogo ya mimba ya nje hufanana na hedhi. Na usimtembeze. Kuweza kutembea hadi garini hakuthibitishi lolote, na kunaweza kummaliza.

Mjamzito aliyepita wiki 20, na aliyejifungua ndani ya wiki 6, ana mlango wake mwingine wa hatari. Kichwa kinauma kisichosikia panadoli, anaona nyota au ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, presha 140/90 na kuendelea: hatari. 160/110: dharura. Akipata degedege, ni kifafa cha mimba hadi ithibitishwe vinginevyo. Mlaze ubavu wa kushoto, oksijeni, magneziamu salfeti (dawa ya kuzuia degedege hiyo) kwa mwongozo, na safari ianze. Familia za wajawazito na wenye watoto wachanga zikumbushe namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, wengi bado hawaijui.

Kiharusi sitakirefusha, unakijua: uso, mkono, maneno. Nakuomba kitu kimoja tu, andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho. Usiandike saa waliyomkuta ameanguka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina dirisha la saa 4 na nusu, na bila saa hiyo daktari hana pa kuanzia.

Kuna watu ambao miili yao huficha dalili nilizokueleza, nao wanahitaji jicho la pili. Mzee anayetumia atenolol au propranolol, dawa za presha zinazopunguza mapigo, hataonyesha mapigo 124 hata akitoka damu, maana dawa imeyashika; omba kuona mfuko wa dawa kabla hujaondoka nyumbani. Mtu ambaye presha yake ya kila siku ni 170, leo akisoma 110 ameshuka sana, ingawa fomu itaonyesha ni nzuri. Mjamzito wa miezi ya mwisho ana damu nyingi zaidi kwa karibu nusu ya kawaida, kwa hiyo hupoteza nyingi kabla hajaonyesha. Mtoto hushikilia presha mpaka dakika ya mwisho. Kwake tazama kama ananyonya, kama analia kwa nguvu, kama anakufuata kwa macho. Mwenye selimundu amezoea damu ndogo na maumivu, na kwa sababu hiyo watu huacha kumsikiliza. Kwake homa, kifua kinachouma akivuta pumzi, kupauka ghafla na tumbo kujaa upande wa kushoto, au udhaifu wa upande mmoja, vyote ni dharura hata akiwa mtoto wa miaka 4.

Jambo la mwisho ungelifanya barabarani. Kipimo kimoja hakikuambii mgonjwa anaelekea wapi. Kutoka Chamazi hadi Mtongani mlikuwa na muda wa kutosha, na foleni ya Barabara ya Kilwa, pamoja na karaha zake, inakupa nafasi ya kupima tena. Unayemtilia shaka mpime kila dakika 5, aliyetulia kila dakika 15, na andika saa pembeni ya kila namba. Mapigo yakipanda kutoka 124, tuseme hadi 131, yangekuambia yote kabla hajalegea. Kisha ungefanya haya: mlaze chali, oksijeni, kanula 2 nene (mirija ya mshipani), maji ya mshipani kidogo kidogo ya kumtosha kubaki na fahamu na mapigo ya kifundo cha mkono, si kumjaza, na usipoteze muda nyumbani kutafuta mshipa wakati gari linaweza kutembea.

Na simu ungepiga mapema, kwa hospitali yenye daktari wa upasuaji na damu kwa saa hiyo, si iliyo karibu tu. Taja hatari kwanza, tuseme ulihesabu pumzi ukakuta 26: "Namleta mwanamke wa miaka 28, nashuku mimba ya nje ya kizazi imepasuka. Mapigo 124, presha 108 kwa 70, mikono ya baridi, pumzi 26. Nipo Rangi Tatu, natarajia kufika baada ya nusu saa. Naomba damu na chumba cha upasuaji." Ukianza na "mgonjwa ana maumivu ya tumbo", anayepokea ataandaa benchi. Ukifika rudia maneno hayo hayo kwa daktari, mbele ya mgonjwa, kabla hujamhamisha kwenye kitanda, halafu mwachie karatasi yenye namba zako zote na saa zake.

Kuhusu usingizi: kaa na dereva wako na kiongozi wa zamu, ipitieni safari hiyo tangu simu ilipoingia, dakika kwa dakika, mkiwa na ile fomu mezani. Kama kazini kwenu hakuna utaratibu wa kufanya hivyo baada ya safari ngumu, uombe uanzishwe, na wewe ndiye wa kuuanzisha, kwa sababu una kesi mkononi yenye namba zote na mgonjwa aliyerudi nyumbani akiwa hai.